Oili Niliyomkataza Marehemu Kuibadilisha

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi kina mama ambao siku hizi ndinyi mnaowapeleka watoto madrasa na kwenda sokoni kwa magari ya nyumbani, nataka kuanza kwa kukiri kosa. Yapata miaka minane iliyopita nilimpa mtu rai juu ya gari lake, ilhali mimi si fundi. Kwa kuniheshimu, akaifuata. Sasa mtu huyo ametangulia mbele ya haki, gari limebaki kwa mjane wake, na mjane huyo ni mpwa wangu.

Binti huyu wa dada yangu alilelewa Mji wa Kale, Mombasa, akaolewa Wang'uru, mji ulio katika kaunti ya Kirinyaga kando ya barabara itokayo Makutano kwenda Embu. Wengi wetu hatujafika huko, lakini tumekula kitokacho huko: pishori ya biriani za harusi zetu aghalabu hutoka katika majaruba ya Mwea yaliyouzunguka mji huo, yanayonyweshwa kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi tangu miaka ya 1950. Marehemu alikuwa akinunua mchele kwa wakulima na kuwapelekea wateja wa pwani. Gari lake ni Probox ya otomatiki iliyoundwa mwaka 2008, ikaingia bandarini Mombasa mwaka 2014 ikiwa imekwisha kutumika Japani. Ilipoingia, mita ilionyesha kilomita 96,000, ikiwa mita ile ilisema kweli, maana mita za magari ya mitumba zina desturi ya kurudishwa nyuma. Leo inasoma zaidi ya 287,000.

Eda ilipokwisha, binti akashika usukani wa gari na wa biashara pamoja. Ana wana watatu. Mwezi wa pili akanipigia simu.

"Mjomba, gari lakawia kushika. Asubuhi nikitia rivasi nahesabu mpaka tatu ndipo lisogee. Fundi mmoja asema nibadilishe oili ya giaboksi. Shemeji asema nikithubutu kuigusa, gari limekufa. Na marehemu alikuwa akisema ni wewe uliyemwambia isiguswe. Sasa wanambiaje?"

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Ni kweli nilimwambia.

Asili ya rai yangu ni gari langu mwenyewe la watu saba, ambalo oili yake ya giaboksi haikuwahi kubadilishwa tangu nilinunue. Lilipoanza kuteleza, yaani injini inanguruma na gari haliongezi mwendo, nilikwenda kwenye gereji moja mjini. Wakaniunganishia mashine inayosukuma oili mpya kwa nguvu na kutoa ya zamani yote kwa mkupuo mmoja. Nililipa, nikafurahi, na siku ya nne, nikiwa Mariakani na familia yangu ndani, gari likakataa kwenda mbele wala nyuma. Tangu siku hiyo kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba gari lililokwenda kilomita nyingi halibadilishwi oili ya giaboksi. Wasioniuliza nao niliwaambia.

Rai hiyo si yangu peke yangu, wala haikuzuka bure, ndiyo maana yafaa kuichambua kabla ya kuitupa. Katika giaboksi ya otomatiki, oili haifanyi kazi ya kulainisha tu. Nguvu ya injini huvuka kwenda kwenye giaboksi kupitia oili hiyo. Shinikizo lake ndilo linalobana sahani za klachi ili gia ishike. Ndiyo inayobeba joto kwenda kwenye rejeta, na ndiyo inayoosha uchafu. Ndani yake mna viungo vya kuifanya isitoe povu, isigande na iwe na mshiko ufaao, kwa kuwa sahani zikishika ghafla gari hushtuka, na zikichelewa huungua. Viungo hivyo huchakaa, na adui yao mkubwa ni joto.

Hapa nitoke kidogo nje ya mada. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile, na kwa miaka mingi baadaye oili za giaboksi za namna hiyo zilitiwa mafuta ya nyangumi, yule yule mkubwa ambaye ambari hutoka tumboni mwake. Mafuta yake yalistahimili joto na kuzipa sahani mshiko mwema. Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kumnusuru mnyama huyo, waundaji wa oili walilazimika kutafuta viungo vingine vya kushika mahali pake. Wazee wetu waliookota ambari ufukweni hawakujua kwamba ndugu wa samaki yule alikuwa akizungushwa ndani ya magari ya Wamarekani. (Najua nyangumi si samaki, lakini kwetu tumemzoea hivyo.)

Turudi. Gari likienda kilomita laki mbili na oili ile ile, sahani za klachi hulika na unga wake ukaelea ndani ya oili. Mabaki ya oili iliyochomeka hujibandika kwenye njia nyembamba na vali. Sili za mpira hukakamaa. Katika hali hiyo oili mpya, yenye nguvu ya kuosha, ikiingizwa yote kwa pamoja na kwa shinikizo la mashine, huweza kung'oa uchafu ukaziba mahali pengine. Na ikiwa sahani zimekwisha kabisa, ule unga mchafu ulikuwa ukisaidia mshiko kidogo, nao ukiondolewa, kilichobaki ni chuma kitupu. Basi wanaosema "usiguse" wameshuhudia jambo la kweli.

Lakini wamelishuhudia kwa nani? Kwa watu mfano wangu, waliokumbuka oili baada ya gari kuanza kuteleza. Giaboksi yangu ilikuwa inakufa nilipoingia kwenye ile gereji. Mashine iliiharakisha tu. Nikalaumu oili mpya, na lawama yote ilikuwa ya oili kuukuu na ya mwenye gari aliyeiacha.

Wako pia wanaotegemea neno la baadhi ya waundaji wa magari, kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. Maisha hayo ni ya nani, hawafafanui. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi zake zimo ndani ya magari ya fahari yanayouzwa kwa neno hilo, yenyewe hushauri oili ibadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka minane. Na wanaposema hivyo hawafikirii gari lenye magunia ya mchele kwenye jua la Mwea.

Nikapanda treni ya asubuhi mpaka Nairobi, kisha matatu ya Mwea, nikafika kabla ya magharibi. Kesho yake tukaenda kwa fundi wa makamo, mwenyeji wa hapo hapo, ambaye uwanja wake uko karibu na viwanda vya kukoboa mpunga. Nikaanza kumweleza yote niliyoyajua. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Shehe, na hili gari huendeshwa na nani?"

Nikamwonyesha binti. Akamgeukia yeye, na mimi nikapata nafasi ya kunyamaza.

Alimuuliza maswali ambayo shemeji wala mimi hatukuwa tumemuuliza. Linakawia wakati gani? Asubuhi, baada ya kulala usiku kucha, na likishapata moto halikawii. Likipanda mlima na mzigo, injini hupiga kelele bila mwendo kuongezeka? La. Kuna gia inayoshtua? Naam, ya tatu, kidogo. Je, umeona chochote chini ya gari? Binti akasema ndiyo, kuna tone kila asubuhi karibu na gurudumu la mbele la kushoto, rangi yake kama maji ya ukwaju, na yeye huwa analimwagia mchanga ili watoto wasilikanyage.

Fundi akatabasamu. Tone lile alikuwa ameliona kwa miezi, na hapana aliyemuuliza, kwa kuwa sisi wanaume tulikuwa tukishindana katika fatwa.

Akaliendesha gari barabara ya Kutus kwa muda wa dakika ishirini, binti kando yake na mimi nyuma, ili giaboksi ipate moto wa kawaida. Akaliegesha mahali pa usawa, injini ikiwa inanguruma, akaipitisha gia katika kila nafasi taratibu na kuirudisha kwenye P. Hapo ndipo akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakirudisha na kukichomoa tena. Namna hii ya kupima ni tofauti na ya oili ya injini, ambayo hupimwa injini ikiwa imezimwa, na wengi hukosea hapo. Kijiti kina alama mbili za baridi na mbili za moto. Oili ilikuwa imeshuka chini ya alama zote mbili za moto.

Basi sehemu kubwa ya ugonjwa ilikuwa ni upungufu. Sili ya ekseli ya kushoto imevuja polepole, oili imepungua, na asubuhi pampu huchukua muda kupata shinikizo la kubana klachi. Ndizo zile hesabu tatu za rivasi. Laiti binti angeuza gari lile kwa bei aliyotajiwa na dalali mmoja, ya gari lenye giaboksi mbovu, angepoteza riziki ya wanawe kwa sababu ya sili moja ya mpira.

Lakini oili yenyewe nayo ilikuwa imechakaa. Kwenye kitambaa rangi yake ilikuwa ya kahawa chungu, na oili ya namna hiyo ikiwa mpya aghalabu huwa nyekundu kama sharubati ya rozera. Fundi akainusa, akanipa nami ninuse. Rangi nyeusi peke yake, alisema, si hukumu, harufu ndiyo shahidi. Oili iliyoungua hunuka kama nguo iliyoachiwa pasi, na ukiisikia harufu hiyo pamoja na gari kuteleza, weka fedha zako kwa ajili ya giaboksi, kwa maana oili haitaponya sahani zilizokwisha. Ya kwetu ilinuka uzee, haikunuka moto. Na gari halikuteleza hata mara moja.

Binti akauliza, "Kwa hivyo yaweza kubadilishwa?"

"Yaweza," akasema fundi, "lakini si yote leo."

Kwanza akabadilisha ile sili. Kisha akafungua nati ya chini na kuiacha oili ishuke yenyewe kwa uzito wake, bila mashine. Akaikinga katika dumu na kuifunika, akasema hapo Mwea mtu akimwaga oili mferejini, inakwenda moja kwa moja kwenye mpunga wa watu. Akafungua sampu, ile karai ya chuma iliyo chini ya giaboksi. Ndani yake mna vipande vya sumaku vya kunasa chembe za chuma, na hapa ndipo moyo wangu ulipokuwa ukidunda, kwa kuwa sumaku hazimstahi mtu. Zilikuwa zimefunikwa na tope laini la kijivu, kama wanja uliolowa. Fundi akalisugua baina ya vidole viwili. Laini. Hilo ni chakavu la kawaida. Lau kungekuwa na vipande vinavyokwaruza au vinavyometameta, tungefunga sampu na kwenda kutafuta giaboksi nyingine. Akaosha sumaku, akaosha chujio, akatia gasketi mpya na kufunga.

Katika kununua oili tulikaribia kukosea. Duka la kwanza walitupa chupa iliyoandikwa kwamba ni ya magari yote, kwa bei ya kuvutia. Fundi akaikataa, akamwonyesha binti kijiti cha kupimia, ambapo jina la oili limepigwa chapa kwenye chuma chenyewe. Toyota peke yake imetumia aina kadhaa: Type T-IV, kisha WS, na nyinginezo kabisa kwa giaboksi za CVT. Soma kijiti au kijitabu cha gari, na hata kijitabu kikiwa cha Kijapani, herufi hizo husomeka. Tukainunua iliyotajwa, kwa muuzaji anayejulikana, kwa sababu oili bandia si haba sokoni.

Kwa desturi hurudishwa kiasi kile kile kilichotoka. Sisi hatukuweza kufanya hivyo, kwa sababu iliyotoka ilikuwa pungufu, basi fundi akawa anatia kidogo na kupima kwa kijiti mpaka ikafika mahali pake. Ikizidi nayo ni madhara, maana hupigwa ikatoa povu, na povu haina shinikizo.

Ukifungua nati, oili yote haitoki. Kwenye giaboksi ya ukubwa huu, inayochukua lita sita na ushei, hushuka takriban lita tatu, na iliyobaki hujificha ndani. Mara ya kwanza mtu hupata chini kidogo ya nusu mpya. Akiendesha kilomita elfu moja ikachanganyika, akamwaga na kutia tena, hufika kama sehemu saba katika kumi. Mara ya tatu huvuka nane katika kumi. Ni kama kuosha mchele, maji ya kwanza hayatoki safi, nawe huyamwagi kwa bomba la zimamoto. Kwa gari lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa, upole huo ndio usalama wenyewe, kwa kuwa uchafu hulegea kidogo kidogo na chujio husafishwa katikati. Gharama ya mara zote tatu ilikuwa ndogo mno mbele ya bei ya giaboksi moja iliyotumika, tena hiyo hununuliwa bila kujua ilipitia nini huko ilikotoka.

Niwatahadharishe wenye magari ya CVT, na katika familia zetu ni mengi: Fielder na Wish za baadaye, Note, Fit, na hata Probox zilizoundwa tangu kubadilishwa kwake mwaka 2014. Ndani yake hamna sahani na gia kama hizi nilizozieleza. Mna mkanda wa chuma unaobanwa baina ya puli mbili, na mshiko wake wote umesimama juu ya oili yake mahsusi. Ukitia oili ya otomatiki ya kawaida humo umeiua giaboksi kwa mkono wako. Nyingi katika hizo hazina kijiti pia, hupimwa kwa kizibo cha pembeni oili ikiwa na joto maalumu, na kazi hiyo yahitaji fundi mwenye kifaa cha kusomea joto. Asiyekuwa nacho mwambie akuelekeze kwa mwenzake.

Na kwa mwenye kutaka kuuza gari lake lenye ila: ziko dawa nzito za chupa zinazomiminwa kwenye giaboksi inayoteleza ili ishike kwa siku chache, mpaka mnunuzi ageuze mgongo. Hukumu ya kuficha aibu ya bidhaa mnaijua, na haki ya mnunuzi ya kurudisha kwa aibu aliyofichwa ni mlango mzima katika vitabu vya fikihi, sina haja ya kuurefusha hapa.

Kesho yake alfajiri nilitoka nje baada ya sala nikamkuta binti ameshakaa kwenye usukani. Alitia rivasi mbele yangu. Lilisogea kabla hajahesabu moja. Akarudi mbele, akarudi nyuma, kama mtoto aliyepewa baiskeli, kisha akazima na kukaa kimya kitambo. Sikumsogelea. Ndilo gari alilozoea kumsikia marehemu akirudi nalo usiku.

Baadaye, tukinywa chai, nilimwambia nililotaka kumwambia tangu Mombasa, kwamba rai ile niliitoa bila elimu na kwamba ananistahiki lawama. Akasema, "Mjomba, alikuwa akisema mengi yako. Lile la kutokopesha mchele mwezi wa Ramadhani lilitufaa." Akanimiminia kikombe cha pili.

Ile gia ya tatu bado hushtua kidogo asubuhi. Fundi asema huenda ikatulia baada ya oili ya pili, na huenda isitulie kabisa, maana umri ni umri. Binti ameandika kilomita na tarehe kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa dereva, kwa kuwa yote ya gari hilo yalikuwa kichwani mwa mumewe na yakaenda naye. Chini yake ameacha mistari miwili mitupu. Mara ya pili itakuwa mita ikifika 288,500, naye amenituma nimletee oili yake kutoka Mombasa nitakapokuja kuchukua mchele.